Kiganja Ndani ya Pezi: Kima Punju na Pomboo wa Kusini Unguja

*Hotuba kwa manahodha, waongozaji wa watalii na wanafunzi*

Assalaam alaykum.

Sheha wetu, wazee wangu mliokaa mbele, manahodha, waongozaji wenzangu, kina mama, na nyinyi wanafunzi mliokuja na madaftari yenu, nawashukuru kwa kuniita. Nimepewa wanyama wawili niwazungumzie: kima punju wa msitu wa Jozani na pomboo wa bahari ya Kizimkazi.

Safari ya mgeni mnaijua. Alfajiri anachukuliwa hotelini, saa moja asubuhi yuko botini Kizimkazi, saa tano yuko Jozani, jioni amesharudi. Safari hiyo nimeifanya miaka kumi na moja. Na kila tukiwa garini baina ya bahari na msitu, nywele za mgeni bado zina chumvi, swali lilikuwa lile lile: "Katika hawa wawili, yupi mwenye akili?" Nilikuwa najibu hapo hapo kuwa ni pomboo. Mgeni anatabasamu, tunaendelea na safari. Sikuwa nadanganya, lakini jibu lile lilinizoesha vibaya. Lilinifanya nimpite yule wa pili bila kumtazama, na baada ya muda nikatambua kwamba hata wa kwanza nilikuwa nikimwangalia tu mgongo.

Basi leo naomba tuwatazame wote wawili polepole, na tuanze na mkono.

Kila mmoja anyooshe mkono wake wa kulia. Wazee pia, tafadhali. Kunjeni kidole gumba mkifiche ndani ya kiganja. Vinavyobaki ni vidole vinne virefu, na huo ndio mkono wa kima punju. Gumba hana, pamebaki kijinundu tu pale kilipopaswa kuwa. Jina kolobusi, ambalo wataalamu wanawaita yeye na jamaa zake wote, limetoka kwenye neno la Kigiriki lenye maana ya aliyekatwa kiungo. Walipomwona mara ya kwanza walidhani ana kilema.

Hana kilema chochote. Jaribuni kuning'inia kwenye mlango kwa vidole vinne bila gumba, mtaona mkono unageuka kulabu. Kima punju anaruka kutoka mti hadi mti, anatua kwenye matawi membamba yanayoyumba, anajitundika na kuachia, anajitundika na kuachia. Mkono wa kulabu unamtosha kabisa. Mkia wake mrefu haushiki kitu. Unamsaidia kuweka mizani akiwa hewani.

Sasa mkono wa pomboo. Najua mtaniambia pomboo hana mkono, ana pezi. Nami niliamini hivyo mpaka siku moja ufukweni, pomboo aliponasa kwenye jarife, ule wavu mkubwa wa kuvulia, akafa, na mtaalamu mmoja akaja kumpima. Alipomaliza vipimo vyake akanichanulia pezi la kifuani. Ndani ya ile nyama ngumu, nyeusi kwa nje na nyeupe kwa ndani, kulikuwa na mfupa wa juu ya mkono, mfupi na mnene. Ukafuatiwa na mifupa miwili ya chini ya kiwiko. Ikaja mifupa midogo ya kifundo, kama kokoto. Halafu vidole. Nikavihesabu kwa ncha ya kisu: kimoja, viwili, vitatu, vinne, vitano. Gumba limo, dogo, limejibanza pembeni. Vidole viwili vilivyo jirani yake ni virefu sana, vina pingili nyingi kuliko vidole vyetu.

Nilikaa mchangani muda mrefu siku ile. Kiumbe mwenye mikono inayoonekana hana gumba, na yule tunayesema hana mikono analo, amelifunika. Nguru hana kitu kama hicho kwenye pezi lake, wala changu, wala papa.

Mnaposikia kwamba pomboo si samaki, msidhani ni maneno ya darasani tu. Anapumua hewa kwa mapafu kupitia tundu lililo juu ya kichwa. Nahodha aliyezima injini asubuhi ya shwari huisikia ile pumzi kabla hajaona chochote. Anazaa mtoto, mara nyingi mkia ukitangulia, na anamnyonyesha. Tazameni pia mkia wake. Samaki anapiga mkia kushoto na kulia. Pomboo anaupiga juu na chini, kama uti wa mgongo wa mbwa anayekimbia unavyojikunja na kujikunjua. Mwendo huo aliutoa nchi kavu. Wahenga wake walikuwa na miguu minne, na mifupa ya baadhi yao imefukuliwa Pakistan, ya miaka karibu milioni 50 iliyopita. Jamaa yake wa karibu zaidi aliye hai leo kwenye nchi kavu ni kiboko. Na ukoo wa pomboo na ukoo wa kima, ambao ndio na ukoo wetu, ulitengana zamani zaidi ya hapo, miaka milioni 90 hivi au zaidi. Kwa hiyo ule mkono wenye mifupa ya aina moja ni urithi wa pamoja, kila mmoja akautumia kwa njia yake.

Kuna kiungo kingine ambacho sikutegemea kitawakutanisha: tumbo.

Kima punju anakula majani. Chipukizi, majani mateke, maua, matunda mabichi. Embe mbivu hazitafuti, kwa sababu sukari nyingi ingevuruga tumbo lake. Tumbo hilo limegawanyika vyumba kama la ng'ombe, na chumba cha kwanza ni pipa la kuchachushia. Humo vijidudu vinavunja majani ambayo tumbo langu na lako lisingeyaweza. Kazi hiyo haina haraka. Ndiyo maana mnawaona pale Jozani saa tano asubuhi wamekaa kwenye tawi, miguu inaning'inia, tumbo limetangulia mbele, macho nusu yamefumba. Mgeni huniuliza, "Mbona wavivu?" Mnyama yule yuko kazini. Kazi yake inafanyika tumboni, na inamtaka akae.

Pomboo naye tumbo lake lina vyumba. Yeye hali jani hata moja, anakula samaki na ngisi, lakini tumbo la vyumba amelichukua kwenye ule ukoo wake wa kiboko na ng'ombe. Samaki anamezwa mzima, bila kutafunwa, na chumba cha kwanza kinampondaponda. Watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari hapa Unguja, akiwamo Omar Amir na Narriman Jiddawi, pamoja na Per Berggren kutoka Sweden, walichunguza matumbo ya pomboo 26 walionasa kwenye nyavu zetu, wakakuta aina 50 za samaki na aina tatu za ngisi. Wengi walikuwa samaki wa chini na wa kwenye miamba, wadogo, na kilichoongoza ni aina ya mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, ambaye sijawahi kumwona mnadani. Nasema haya kwa sababu bado kuna mvuvi anayemtuhumu pomboo kuwa anammalizia samaki wake.

Tuhuma kama hiyo kima punju anaijua vizuri zaidi. Jina lenyewe ni tuhuma: punju ni sumu. Wazee walituambia mti anaokula hukauka, na mbwa akimla hunyonyoka manyoya. Wenye mashamba wakaongeza la nazi, kwamba anaangusha vidaka, zile nazi changa kabisa, na mavuno yanapungua. Hili la nazi lilipimwa. Thomas Struhsaker na Kirstin Siex walifuatilia minazi kwenye mashamba ya kusini mwa Jozani, wakachapisha matokeo mwaka 1999. Minazi ambayo kima walikula vidaka vyake kwa wingi haikutoa nazi chache. Kila mkwezi anajua kwa nini inawezekana: mnazi unaweka vidaka vingi kuliko unavyoweza kuvilea. Vingi vinapukutika vyenyewe kabla ya kufika kitale, sembuse dafu au koroma. Kima anachukua katika vile ambavyo vingi vingeanguka vyenyewe.

Katika mashamba hayo hayo ndiko nilikoona jambo lililonibadilisha kabisa kuhusu mnyama huyu.

Ilikuwa karibu na tanuri la mkaa lililokwisha kuvunjwa. Jike mmoja alishuka chini, jambo ambalo kolobusi wengi hawalipendi, akaokota kipande cha mkaa kwa vidole vyake vinne, akakifuta kwenye manyoya ya paja, akakaa kwenye kisiki na kuanza kukitafuna. Nilisikia unavyovunjika menoni, kama mtu anayekula biskuti kavu. Mtoto aliyekuwa kifuani mwake alinyoosha shingo akanusa mdomo wa mama, kisha akachukua punje iliyoanguka kwenye mkono wa mama yake akaitia kinywani. Akakunja uso. Lakini hakuitema.

Mkaa haumshibishi. Mashambani kima wanakula sana majani ya mkungu na ya mwembe, ambayo yana chakula kizuri lakini pia yana kemikali zinazokera tumbo. Mkaa unazinasa kemikali hizo, kama vile hospitali zinavyompa mkaa mtu aliyemeza sumu. Watafiti waliupima mkaa ule wanaokula kima wetu na wakakuta unafanya kazi hiyo vizuri. Ina maana mnyama tuliyempa jina la sumu ndiye aliyejua kujitibu sumu, na ujuzi huo mtoto anaukuta kifuani kwa mama yake.

Pomboo naye ana mafunzo ya mama. Huko Australia, kwenye ghuba ya Shark Bay, wapo pomboo wa aina hii hii tuliyonayo Kizimkazi, wale ambao wataalamu wanawaita Tursiops aduncus. Baadhi ya majike hung'oa sifongo chini ya bahari na kulivaa kwenye ncha ya mdomo wanapofukua samaki waliojificha mchangani, ili mdomo usichubuke. Anayejifunza hasa ni binti, kwa mama yake. Mimi nawaweka hawa wawili pamoja kichwani mwangu: jike mwenye sifongo mdomoni na jike mwenye mkaa mkononi. Hakuna aliyeandika popote. Mama akifa kabla mtoto hajakomaa, na ujuzi unakwenda naye.

Sasa nirudi kwa yule mgeni wa garini na swali lake, kwa sababu nalo linastahili jibu la haki. Ubongo wa pomboo ni mkubwa. Kwa jamaa yake wa karibu, Tursiops truncatus, mwenye mwili mkubwa kuliko huyu wetu, una uzito wa kilo moja na nusu hivi, unaupita wetu kidogo. Ubongo wa kima punju haufiki gramu mia moja. Mwaka 2001 kulichapishwa jaribio la New York ambapo pomboo waliwekewa alama mwilini, wakaenda mbele ya kioo kujitazama ile alama. Nyani na kima wengi hushindwa jaribio hilo, wanamwona aliye kiooni kama mgeni. Pomboo kila mmoja ana mluzi wake wa kujitambulisha, na akisikia mluzi huo unarudiwa anaitika, kama mtu aliyeitwa kwa jina lake. Anaona pia kwa sauti. Anatoa milio mifupi ya haraka, inapita kwenye mafuta yaliyo kwenye paji la uso, inagonga kitu na kurudi, naye anaipokea kwa taya la chini. Usiku wa giza, maji yana tope, anajua samaki yuko wapi na ni mkubwa kiasi gani.

Kwa vipimo hivyo pomboo anashinda, na sina sababu ya kumnyima. Lakini akili ya kutafuta samaki anayekimbia na akili ya kuishi kwa majani yenye sumu ni vitu viwili, na nimeshindwa kuviweka kwenye mzani mmoja. Kinachonishughulisha siku hizi ni kitu ambacho wote wawili wanakihitaji kwa kiasi sawa na ambacho sisi, kwa kazi yetu hii, ndio tunaowanyang'anya. Wanahitaji kupumzika.

Wa kima nimeshaeleza: tumbo lake linataka akae.

Wa pomboo ni mgumu zaidi, kwa sababu yeye akilala fofofo kama mimi na wewe atakufa maji. Kupumua kwake si jambo linalojiendea lenyewe usingizini. Lazima apande juu, afungue tundu, avute hewa, afunge. Kwa hiyo analala nusu. Upande mmoja wa ubongo unapumzika na upande wa pili uko macho, kisha wanabadilishana zamu. Akiwa katika hali hiyo anakwenda polepole na wenzake, karibu karibu, wanazama na kuibuka kwa pamoja kwa utulivu. Manahodha mnaijua hali hiyo. Mnaiita nzuri kwa wageni, kwa sababu pomboo hawakimbii na picha zinatoka safi.

Hapo ndipo tunapowavamia. Nitasema ninayoyajua kwa kuwa nilikuwemo. Kuna asubuhi moja nilihesabu boti kumi na mbili juu ya kundi ambalo halikuzidi pomboo ishirini. Kila boti inazunguka kwenda mbele yao, injini inanguruma, mwongozaji anapiga kelele "Rukeni! Rukeni!", wageni wanajirusha miguu ikitangulia, maji yanaruka. Pomboo wanazama, wanaibuka mita mia mbili mbele, boti zote zinafungua injini kuwafuata. Mara tano, mara sita. Mmoja wa waliokuwa wakipiga kelele "Rukeni" alikuwa mimi. Katika kundi lile kulikuwa na mama na mtoto mdogo, bado ana ile mikunjo ya ubavuni ya kuzaliwa. Mtoto wa umri huo anahitaji kupanda kupumua mara nyingi kuliko mama. Kila alipopanda, palikuwa na boti.

Kumbukeni na sauti. Ndani ya maji sauti inakwenda kasi mara nne na zaidi kuliko hewani, kilomita moja na nusu kwa sekunde. Injini kumi na mbili kwa mnyama anayeona kwa masikio ni kama kumwashia mtu taa kumi na mbili machoni akiwa amelala.

Haya hayakubaki kuwa hisia zangu tu. Utafiti uliofanywa hapa hapa Kizimkazi na kuchapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba boti za watalii zinapokuwepo, pomboo wanapunguza kupumzika, wanapunguza kula, wanapunguza kucheza na wenzao, na muda huo wanautumia kusafiri. Kwa maneno mengine, wanahama huku na huku kutukimbia. Utafiti wa kabla yake, wa mwaka 2007, uliwatazama majike, ukakuta mwendo wao unavurugika boti zikizidi.

Nataka pia wanafunzi wajue kwamba hali ilikuwa mbaya kuliko hivi, na kwamba mji huu uliwahi kubadilika. Wazee hapa mnakumbuka pomboo walipokuwa wakipigwa chusa, nyama ikawa chambo cha papa. Ziara za kutazama pomboo zilianza mwaka 1992, na kufikia 1996 uwindaji ule ukakoma Kizimkazi. Pomboo aliye hai alianza kulisha watu. Jambo hilo mlilifanya nyinyi, sikuwahi kuona mgeni yeyote aliyelifanya kwa niaba yenu, na kila mara nalieleza kwa fahari.

Lakini idadi yao ni ndogo. Kati ya mwaka 1999 na 2002, pomboo wa aina hii katika maji ya Kizimkazi walikadiriwa kuwa baina ya 136 na 179. Wale wenzao wenye nundu mgongoni, ambao siku hizi mara chache mnanionyesha, walikuwa baina ya 58 na 65. Na msidhani wa Nungwi watakuja kujaza pengo. Uchunguzi wa nasaba umeonyesha kwamba pomboo wa kusini na wa kaskazini mwa kisiwa, kilomita 80 hivi tu kutoka hapa, hawachanganyiki sana. Hawa wa hapa ni wa hapa.

Kima punju yuko tofauti kidogo. Hesabu kubwa iliyofanywa kisiwa kizima na kutangazwa mwaka 2017 ilikuta zaidi ya 5,800, mara tatu ya waliokuwa wakidhaniwa. Niliposikia nilifurahi sana, nikapiga simu kwa kila mtu. Kisha nikakaa nikafikiri: hao ndio karibu wote, duniani. Pomboo wa aina ya Kizimkazi wapo kuanzia Afrika Kusini hadi Australia. Kima punju yuko Unguja, na wachache waliopelekwa msitu wa Ngezi, Pemba, katika miaka ya 1970. Theluthi moja hivi ya wale waliohesabiwa wanaishi nje ya maeneo yaliyohifadhiwa, mashambani na kwenye vichaka ambavyo kila mwaka vinafyekwa. Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004, ni kilomita za mraba 50 tu.

Na wote wawili hawazai kwa haraka. Kima punju jike hubeba mimba miezi sita hivi, anazaa mtoto mmoja, na hupita miaka miwili au zaidi kabla ya kuzaa tena. Pomboo hubeba mimba mwaka mzima, mtoto mmoja, na hupita miaka mitatu au zaidi. Panya ukimuua leo, mwezi ujao pengo limezibwa. Jike mmoja wa pomboo akinasa kwenye jarife, pengo lake halizibwi kabla mtoto wa darasa la kwanza hajafika la tano. Kati ya mwaka 1995 na 1999 wavuvi wetu waliripoti pomboo 96 walionaswa na nyavu, na wengi kuliko aina nyingine walikuwa hawa hawa. Nawashukuru wavuvi waliotoa taarifa, kwa sababu wangeweza kunyamaza.

Upande wa msitu, jarife lao ni barabara. Matuta ya pale Jozani yamepunguza vifo, nashuhudia hilo, lakini hayajavimaliza. Siku moja nikiwa na wageni wanne, gari iliyokuwa mbele yetu ilimgonga jike aliyekuwa anavuka. Haikusimama. Tulipofika alikuwa amekwisha kufa, na mtoto wake yu hai, amemng'ang'ania kifuani kwa vile vidole vinne. Manyoya ya mtoto yalikuwa na vumbi tu, hana hata mchubuko. Juu ya miti, pande zote mbili za barabara, wenzake walikuwa wakilia. Mgeni mmoja, mama mtu mzima, aliniuliza kama yule mtoto atapona. Sikuwa na la kumjibu. Tulisimama pale mpaka askari wa hifadhi walipofika.

Kuna sehemu moja ambapo wanyama hawa wawili karibu wanakutana, nayo ni kisiwa cha Uzi. Kima punju wa huko wanakula kwenye mikoko, na majani ya mikoko yana chumvi. Kolobusi kwa kawaida hawahangaiki na maji, majani yanawatosha. Lakini hawa wa mikokoni wameonekana wakinywa maji mara kwa mara. Pomboo naye, aliyezungukwa na maji asiyoweza kuyanywa, maji yake anayapata ndani ya samaki anaowala. Maji yakijaa, mzizi wa mkoko anaokalia kima unafikiwa na bahari ile ile ya Ghuba ya Menai anamoogelea pomboo, na bahari hiyo imekuwa eneo la hifadhi tangu mwaka 1997. Nimekaa pale ndani ya ngalawa nikimtazama mmoja huku nikitumaini kumsikia wa pili akipumua. Sijabahatika bado, lakini nakwenda kila ninapopata nafasi.

Sasa niseme niliyokuja kuyaomba, maana adhuhuri inakaribia.

Waongozaji wa Jozani, mgeni akiuliza mbona wavivu, mwelezeni habari za tumbo. Nimejaribu, na kila mara mgeni akishaelewa hupunguza sauti mwenyewe bila kuambiwa. Msimruhusu kumsogelea kima kwa ajili ya picha ya bega kwa bega. Mafua yetu yanaweza kumwambukiza, na yeye hana duka la dawa zaidi ya ule mkaa. Madereva, mnapokaribia msitu, matuta ni ya kupitia polepole, msiyakwepe kwa kupita ukingoni.

Manahodha, kwenu ombi langu ni zito zaidi kwa sababu linagusa riziki, na najua mwenye boti anadai marejesho yake jioni. Boti mbili kwa kundi moja, zisizidi. Nyingine zingoje mbali, injini imezimwa, zipokezane. Tuwakaribie kwa ubavu na kwa mwendo wao, tusikate mbele yao. Pomboo wakiwa wanakwenda polepole pamoja, wanazama na kuibuka kwa utulivu, asiruke mtu majini, wamelala. Palipo na mama na mtoto mchanga, tuwaache. Na kila boti itoke kwa saa yake, siyo sote kwa mkupuo saa moja asubuhi.

Nimezungumza na wanane kati yenu kabla ya leo, mmoja mmoja, na jibu lilikuwa moja: "Mimi nitangoja, lakini mwenzangu hatangoja." Leo mwenzako yuko chumba hiki hiki, mmekaa pamoja. Nimekuja na karatasi yenye majina ya boti zote na nafasi za saa kuanzia asubuhi mpaka alasiri. Kesho maji yanajaa mapema. Naomba nahodha aliye tayari kutoka zamu ya pili asimame, tuanze kuandika naye.